Kingamwili dhidi ya unga: inachoweza na isichoweza

*Hotuba iliyotolewa Malindi tarehe 31 Agosti, siku ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, mbele ya wazazi, wahudumu wa afya na vijana walio katika matibabu.*

Assalam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Mashekhe wetu, wachungaji, wazee wa mitaa, akina mama mliotoka Barani, Maweni na Shela, wenzangu wa hospitali, na nyinyi vijana mliokunywa asubuhi methadoni yenu, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mkaja moja kwa moja hapa, nawashukuru kwa kuitika. Mimi ni mfamasia. Kazi yangu ni dawa: inaingiaje mwilini, inakwenda wapi, inatoka lini. Nitazungumza kama mfamasia, na mengine nitawaachia wenyewe.

Kuna habari imekuwa ikizunguka kwenye simu za watu kwamba huko ng'ambo imepatikana sindano inayokamata dawa za kulevya ndani ya damu kabla hazijafika kwenye ubongo. Wazazi wananisimamisha njiani kuniuliza: ni kweli? Inapatikana wapi? Bei gani? Nimeombwa nijibu hadharani, na jibu langu natanguliza ili asikae mtu akilisubiri. Ni kweli. Sindano hiyo ni ya kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kujikinga. Sayansi yake ni ya miaka mingi na haina uganga ndani yake. Lakini kazi yake kubwa itakuwa kumzuia mtu asife kwa kuzidisha dozi. Kumtoa mtu kwenye unga, yaani heroini, ni kazi nyingine, na hiyo sindano hii peke yake haiiwezi. Anayeingoja huku akimwachisha mwanawe methadoni anacheza na roho ya mtoto.

Sasa nieleze kwa nini.

Tuanzie karibu, pale Watamu. Kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, ambalo James Ashe alilianzisha mwaka 1980, na wengi wenu mnajua kwamba mtu akiumwa na nyoka huku kwetu, watu wa pale huwa miongoni mwa wa kwanza kupigiwa simu. Aliyeumwa na koboko au swila, dawa inayomwokoa ni kingamwili. Inatengenezwa hivi. Farasi hudungwa sumu ya nyoka kidogo sana, kiasi kisichomdhuru, kisha huongezwa pole pole. Mwili wake unaitambua ile sumu kuwa ni adui na unatengeneza protini za kuishika. Baadaye farasi hutolewa damu, maji ya damu yakatenganishwa, yakasafishwa, yakatiwa kwenye vichupa. Mgonjwa wa Watamu au Marafa anapodungwa dawa ile, anaazimwa kinga iliyotengenezwa na mwili wa farasi.

Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha jambo hili mjini Berlin mwaka 1890, kwa sumu ya pepopunda. Behring akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1901. Katika miaka hiyo hiyo ya 1890 Albert Calmette, Mfaransa, akaipeleka mbinu hiyo kwenye sumu ya nyoka. Kwa hiyo wazo la kutia kingamwili mwilini ili ziikamate sumu iliyomo kwenye damu lina zaidi ya miaka 130.

Tofauti ya nyoka na unga ni ukubwa. Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini, ni chembe kubwa, mwili unaiona. Heroini, mofini, kokeini ni chembe ndogo mno, na askari wa mwili hawaitambui. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuta unga miaka ishirini na mwili wake usitengeneze kinga yoyote dhidi yake. Ili mwili uione chembe ndogo kama hiyo, wanasayansi huifunga kwenye protini kubwa, mara nyingi ile ile inayotumika kwenye chanjo ya pepopunda. Mwili unaposhambulia ule mzigo mzima, unajifunza pia kuishika ile chembe ndogo iliyobandikwa juu yake.

Dawa ya kwanza ndogo iliyokamatwa hivyo ndani ya mtu haikuwa ya kulevya. Ilikuwa dawa ya moyo, digoksini. Wenzangu wa bara, Wagiriama na Wawaata, wanaijua jamaa yake kwa njia nyingine: sumu ya mshale inayochemshwa kutoka kwenye mti wa msunguti, iliyowahi kuangusha ndovu, ni ya ukoo huo huo. Kidogo chake hutibu moyo, kikizidi huusimamisha. Basi mwaka 1976 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha habari za mwanamume mmoja aliyemeza miligramu 22.5 za digoksini kwa kutaka kujiua. Kidonge cha kawaida ni robo miligramu. Moyo wake ulikuwa unaelekea kusimama na kila walichojaribu kilishindwa. Wakamdunga vipande vya kingamwili vilivyotengenezwa kwa kondoo. Mapigo yakarudi kwenye mpangilio wake, na mtu yule akapona. Miaka kumi baadaye, 1986, dawa hiyo ikapata kibali Marekani, na mpaka leo inatumika duniani. Nchini Sri Lanka, ambako watu hujiua kwa kula mbegu za mti wenye sumu inayofanana na hiyo, madaktari waliijaribu kwa wagonjwa na ikatuliza mioyo iliyokuwa imekwisha kuvurugika.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha mambo.

Ukimpima mgonjwa wa digoksini baada ya kumdunga zile kingamwili, utakuta kiasi cha digoksini ndani ya damu yake kimepanda, pengine mara kumi au zaidi. Mwanafunzi akiyaona majibu hayo ya maabara hushtuka, akadhani tumemwongezea sumu. Kumbe kinachotokea ni hiki: dawa iliyokuwa imejificha kwenye misuli na kwenye moyo inavutwa itoke irudi kwenye damu, na kila inapoingia kwenye damu inashikwa. Ipo, lakini imefungwa. Haiwezi kurudi kwenye moyo. Iliyo huru, ambayo ndiyo inayodhuru, imekwisha.

Mashine ya figo, ambayo baadhi yenu mna jamaa wanaofungwa nayo, huitoa damu nje ikaisafisha ikairudisha. Kwa digoksini haifui dafu, kwa sababu sehemu kubwa ya dawa haiko kwenye damu, iko ndani ya nyama. Kingamwili haitoi damu nje. Inaishika dawa pale pale ndani, na mwili wenyewe unaitoa kwa wakati wake.

Kwa dawa za kulevya kuna faida ya pili. Ubongo umezungushiwa ukuta. Mishipa midogo ya damu ndani ya kichwa imebanana kiasi kwamba chembe kubwa hazipiti. Heroini inapenya ukuta huo kwa sekunde, na ndiyo sababu mtu anausikia kabla hajachomoa sindano. Kingamwili ni kubwa, inabaki upande wa damu. Heroini, na kile inachogeuka baada ya dakika chache, na mofini inayofuatia, vikishikwa na kingamwili vinabaki upande huo huo. Ubongo haupati kitu. Na pumzi haikatiki, kwa maana kinachomuua mtu wa unga ni ubongo kusahau kuvuta pumzi.

Kingamwili ina umbo la herufi Y, na ile mikono miwili ya juu ndiyo inayoshika. Mwaka 1959 Rodney Porter, Mwingereza, aliikata kwa papaini, kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai bichi, utomvu ule ule akina mama wanaotumia kulainisha nyama ngumu. Mikono iliyokatwa hivyo hutoka mapema mwilini kwa njia ya figo. Kingamwili nzima hukaa: nusu yake bado ipo baada ya wiki tatu hivi. Kwa mgonjwa wa digoksini unataka vipande vinavyotoka haraka. Kwa mtu unayetaka kumlinda mwezi mzima, unataka nzima.

Aliniuliza mzee mmoja kama ni lazima iwe damu ya mnyama. Zamani ndiyo, na dawa ya nyoka bado ni hivyo. Lakini mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, kule Cambridge, walipata njia ya kukuza kingamwili za aina moja tu kutoka kwenye seli zinazozaana maabara. Siku hizi nyingi hukuzwa kwenye matangi, ndani ya seli ambazo asili yake ni mnyama mdogo wa jamii ya panya. Hukumu yake ya kidini nawaachia mashekhe, wao ndio wenye elimu hiyo.

Sasa hesabu. Ningependa kila mzazi aondoke hapa na hesabu hii.

Wavuvi mnajua dema. Samaki akiingia hatoki, lakini dema likijaa limejaa, na samaki wanaopita nje wanaendelea na safari yao. Kila kingamwili ni dema lenye nafasi mbili. Chembe mbili za dawa zikiingia, basi. Ya tatu inapita kwenda kichwani.

Na dema hilo ni zito. Chembe moja ya kingamwili ina uzito wa mara mia tano na zaidi ya chembe moja ya mofini. Ukipiga hesabu, miligramu 10 za mofini, ambayo ni sindano ya kawaida ya maumivu hospitalini, zinahitaji gramu 2.6 hivi za kingamwili ili zote zishikwe. Mtu anayejidunga miligramu 100 za heroini halisi kwa siku angehitaji kama gramu 20. Kwa siku moja. Ni kweli si lazima ushike kila chembe, na dema moja laweza kutumika zaidi ya mara moja mwili unapoendelea kuivunja dawa. Lakini mpangilio wa hesabu ni huo. Dawa moja ya aina hii inayouzwa leo, ya kuzima dawa ya kuzuia damu kuganda, ilipata kibali mwaka 2015 na dozi yake ni gramu 5. Bei yake Marekani ni maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja, na ni ya dharura, mara moja basi.

Geuza sasa uangalie fentanili, ambayo imeua watu kwa makumi ya maelfu kila mwaka huko Marekani. Fentanili ni kali kiasi kwamba miligramu 2 zinaweza kumuua mtu ambaye hajaizoea. Miligramu 2 zinahitaji chini ya nusu gramu ya kingamwili. Hiyo ni sindano moja ya ujazo wa kawaida. Kwa hiyo dawa inavyokuwa kali zaidi, ndivyo kingamwili inavyoweza kuimudu zaidi, kwa sababu chembe zake ni chache. Wamarekani hawakuchagua kuanza na fentanili kwa bahati. Kingamwili yake tayari imeingia kwenye majaribio ya binadamu kule. Ya methamfetamini pia, matokeo yake ya kwanza kwa watu yalichapishwa mwaka 2014.

Heroini ya kete, vile vipakiti vinavyouzwa mitaani hapa kwetu, iko upande mgumu wa hesabu hiyo, na nasema hivyo kwa masikitiko.

Na hapa nina neno kwa vijana, msikilize vizuri. Mwaka 2005 watafiti waliokuwa Dar es Salaam walieleza mtindo wa mtu kujidunga, kisha kuvuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake ajidunge, kwa imani kwamba damu ile ina unga wa kutosha kutuliza arosto, yale mateso ya mtu aliyekosa unga. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu. Mililita nne za damu hiyo hazifiki hata sehemu moja katika elfu. Unga uliomo ni wa kutosha kuonekana maabara, hautoshi kumtuliza mtu. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina ya C havihitaji kiasi kikubwa. Kama kuna anayefanya hivyo maskani, au anayemjua anayefanya, aje tuzungumze faraghani, hatakaripiwa.

Majaribio yenyewe yamefika wapi? Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walichapisha habari za nyani mmoja aliyekuwa amefundishwa kubonyeza kitufe ajipatie heroini au kokeini. Walipomchanja dhidi ya mofini, aliiacha heroini. Kokeini aliendelea nayo kama kawaida. Na walipoiongeza heroini sana, akairudia, kwa kuwa madema yalikuwa yamejaa. Nusu karne ya utafiti imekuwa ikirudi kwenye mambo hayo mawili yaliyoonekana kwa nyani yule.

Baadaye wakajaribu chanjo kwa watu, yaani kumfanya mtu atengeneze kingamwili zake mwenyewe badala ya kupewa zilizo tayari. Ya kokeini, matokeo yalichapishwa mwaka 2009: watu 115, wote wakiwa kwenye methadoni, nusu wakapewa chanjo na nusu wakapewa ya kuigiza. Katika waliochanjwa, asilimia 38 tu ndio walifikia kiwango cha kingamwili cha kuleta tofauti, na hata kwao kinga ilishuka baada ya miezi michache. Ya nikotini ilishindwa mwaka 2011 katika majaribio makubwa. Waliochanjwa hawakuacha sigara zaidi ya wenzao. Miili ya watu haifanani. Ndiyo maana siku hizi nguvu inaelekezwa kwenye kingamwili zilizotengenezwa tayari, ambazo unajua umempa mtu gramu ngapi. Mimi naona ni uamuzi sahihi.

Sasa niseme isichoweza, na hapa vijana wa methadoni mnanishinda kwa elimu, kwa sababu nyinyi mmepitia.

Arosto haiko kwenye damu. Iko kwenye ubongo uliozoea kupata unga kila baada ya saa kadhaa na sasa haupati. Ukimkamatia mtu unga wote kwenye damu, umempa arosto: tumbo linakata, mifupa inauma, makamasi, jasho, hakuna usingizi usiku tatu, nne. Kingamwili haitulizi hata chembe ya hayo. Anayetuliza ni methadoni, ambayo inakaa mwilini zaidi ya siku nzima na inaupa ubongo utulivu bila kumlewesha mtu aliyeizoea. Hapa Malindi huduma hiyo ipo tangu mwaka 2015, na kabla yake, tangu 1995, ndugu zetu wa Omari Project walikuwa wamekwisha kuanza kuwahudumia watu ambao wengi tulikuwa tukiwapita barabarani tukiwaita mateja. Wanaotengeneza kingamwili za heroini huzipima zisiishike methadoni wala naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dozi, kwa sababu wanajua zitatumika pamoja. Hakuna mtafiti makini anayezifikiria kama badala ya methadoni. Mkimsikia mtu anauza sindano au dripu ya kusafisha unga kwenye damu, leo, hapa Malindi au Mombasa, anawaibia.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito. Kinga hii inakaa wiki nyingi ndani ya mtu, na huwezi kuitoa ukishaitia. Najua kuna mzazi hapa amekwisha kuwaza: nitamdunga tu, akiwa amelala, akiamka imekwisha. Namwelewa. Nimewaona akina mama wakiuza vitanda kulipia matibabu ya watoto. Lakini fikiria kijana huyo, amedungwa kinga ya mofini bila kujua, anapanda bodaboda, anapata ajali barabara ya Mombasa, amevunjika paja. Daktari anampa mofini, haimsaidii. Anaongeza, haimsaidii. Hajui kwa nini, na kijana mwenyewe hajui. Zipo dawa nyingine za maumivu, lakini daktari anahitaji kujua. Au fikiria anatafuta unga, anapata kete moja hasikii kitu, anatia ya pili, ya tatu, ya tano, madema yanajaa, na ya sita inamuua. Au anahamia kwenye kitu kingine ambacho kinga haikigusi, kama nyani yule. Dawa ya namna hii haiwezi kutumika kwa siri. Mtu mwenyewe lazima ajue, akubali, na abebe kadi.

Mahali inapofaa napaona vizuri. Kijana anayetoka gerezani, ambaye mwili wake umesahau unga na kipimo chake cha zamani sasa kitamuua. Aliyetoka kwenye nyumba ya matibabu wiki ya kwanza. Aliyewahi kuokolewa na naloksoni mara moja na anajua atarudi barabarani. Hao wakipewa kinga ya mwezi mmoja kwa ridhaa yao, wengine watakuwa hai siku ya kuamua kuja kliniki. Hilo linanitosha kuitaka dawa hii ije.

Je, itakuja? Turudi kwa nyoka. Dawa nzuri ya sumu ya nyoka wa Afrika iliyoitwa Fav-Afrique ilikuwa ikitengenezwa na kampuni ya Sanofi ya Ufaransa. Mwaka 2014 kampuni iliacha kuitengeneza kwa kuwa haikuwa na faida, na shehena ya mwisho muda wake ukaisha Juni 2016. Madaktari Wasio na Mipaka walipiga kelele. Mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani likaliingiza suala la kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa. Kingamwili zilikuwepo, elimu ya kuzitengeneza ilikuwepo tangu enzi za Calmette, na bado watu walikufa kwa sababu walioumwa walikuwa wakulima na wachungaji wasio na pesa. Mimi nawauliza viongozi wetu waliopo: anayeumwa na unga Maweni ana pesa zaidi ya mkulima? Kama hatutaanza sasa kudai kwamba majaribio yafanyike pia kwenye heroini, kwa watu wetu, kwa ridhaa yao, na kwamba leseni ziruhusu kutengenezwa kwa bei nafuu, basi sindano hii itaishia kwa tajiri wa Boston.

Wakati huo huo naloksoni ipo. Haikamati unga kwenye damu. Inausukuma utoke kwenye viti vyake kwenye ubongo na kuvikalia yenyewe. Imetumika hospitalini tangu mwaka 1971. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwe mikononi mwa yeyote anayeweza kumkuta mtu amezidisha, si daktari peke yake: mama, kaka, mwenzake wa maskani. Kasoro yake ni kwamba hukaa nusu saa mpaka saa moja na nusu, na unga unaweza kudumu kuliko hiyo. Ombi langu kwa kaunti ni moja, nalo liandikwe kwenye kumbukumbu za leo: kila kijana anayesajiliwa kliniki aondoke na naloksoni, na mtu mmoja wa nyumbani kwake afundishwe kuitumia.

Mkimkuta mtu hajitambui, midomo imegeuka rangi, anakoroma kwa shida au havuti pumzi, mwiteni kwa jina, msugueni kifua kwa ngumi. Asipoitika, dungeni naloksoni kwenye paja, hata juu ya nguo. Mtieni pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Baada ya dakika mbili tatu kama hakuna badiliko, dungeni tena. Akianza kupumua mlazeni ubavu. Acheni kumwagia maji, acheni maziwa, acheni kumdunga maji ya chumvi. Akizinduka atakuwa na arosto na hasira, atataka kuondoka akatafute kete nyingine. Kaeni naye kwa muda wa saa mbili nzima, kwa sababu naloksoni itaisha na unga bado upo.

Wauguzi wetu wawili wako pale mlangoni na mabomba ya kufundishia na paja la mpira. Wazazi mtangulie, vijana mfuate, na ambaye mkono unamtetemeka arudie mpaka auzoee. Maswali nitayapokea pale pale mezani.